Chumba cha kusomea kimejaa, rafu zimetulia: ushauri kwa mkutubi mpya wa wilaya

Mkutubi anayepangiwa kituo cha wilaya kwa mara ya kwanza hukuta jambo ambalo darasani hakulitarajia: chumba cha kusomea kimejaa tangu asubuhi, ilhali vitabu vilivyomo rafuni havishikwi. Wanafunzi wamekuja na madaftari na vitini vyao wenyewe, na wanachokitafuta ni meza, mwanga na utulivu ambao nyumbani haupatikani. Nimewasikia wakutubi wenzangu wengi wakilalamika kwamba hao si wasomaji wa maktaba. Baada ya miaka mingi katika kazi hii naamini kuwa lalamiko hilo ndilo kikwazo cha kwanza cha mabadiliko, kwa sababu watu wamekwisha kutuonyesha shida yao nasi tunawalaumu kwa kuionyesha.

Huduma zetu hazikuanzishwa ziwe na sura moja ya kudumu. Sheria iliyounda Bodi ya Huduma za Maktaba ilipitishwa mwaka 1963, Mwalimu Nyerere akafungua jengo la Maktaba Kuu Dar es Salaam Desemba 1967, na katika miaka ya 1970, taifa lilipokuwa katika kampeni ya kisomo cha watu wazima, zikafunguliwa maktaba za vijijini ili aliyejifunza kusoma apate cha kusoma, asije akasahau. Waliotutangulia waliitazama jamii ya wakati wao, wakaifuata ilipo. Ranganathan, mkutubi mashuhuri wa India, aliandika mwaka 1931 kwamba maktaba ni kiumbe kinachokua. Mwaka huo huo jijini Nairobi ilifunguliwa Maktaba ya McMillan, ambayo kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Vijana wanaokuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo mimi huwasimulia habari hizo mbili kwa pamoja, wapate kuona kwamba swali la nani aliyebaki nje ya mlango ni la siku nyingi, na kwamba jengo zuri peke yake halilijibu.

Ili kulijibu, toka nje ukaulize. Usiwaulize wanaokuja, kwani hao njia wanaijua, waulize wasiokuja. Nilipofanya hivyo, madereva wa bodaboda kijiweni waliniambia walidhani maktaba ni mali ya shule. Mama mmoja muuza mboga alisema tunafungua akiwa sokoni na kufunga kabla hajamaliza kuuza. Kijana aliyemaliza kidato cha nne alitaka sana kuazima vitabu, ila fomu ilidai mdhamini mwenye mwajiri, na katika ukoo wao hapakuwa na mwajiriwa. Matatizo hayo matatu yana dawa tofauti, na hakuna hata moja linalotibiwa kwa kununua vitabu zaidi. Kwa wenye bodaboda tuliweka kibao barabarani chenye maneno ya kuwakaribisha watu wote. Kwa yule mama tulisogeza saa za zamu siku mbili za juma. Na kuhusu mdhamini tuliomba ridhaa ya wakubwa wetu tupokee barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, tukakubaliwa. Wapo waliohofu kwamba vitabu vingepotea. Mwenyekiti anayemjua mtu hadi nyumbani kwake ni mdhamini imara kuliko mwajiri aliye mbali.

Eneo ambalo jamii imebadilika kwa kasi kuliko sisi ni la huduma za mtandaoni, na hapo naomba msomaji anivumilie niseme kwa kirefu. Matokeo ya mitihani ya taifa hutazamwa mtandaoni, maombi ya mkopo wa elimu ya juu hufanywa mtandaoni na hudai cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, na kazi za serikali huombwa huko huko. Mzazi asiyewahi kushika kompyuta huingia maktaba akiwa na bahasha ya vyeti na wasiwasi wa tarehe ya mwisho. Asipotupata sisi, atakwenda steshenari, ambako ipo hatari iliyowaumiza wengi: kijana anasajiliwa kwa barua pepe ya mwenye duka, mwaka unaofuata nywila haijulikani, na akaunti yake imefungwa mikononi mwa mtu asiyemkumbuka. Nimewapokea vijana wenye mkasa huo wakiwa karibu kulia.

Kwa hiyo weka taratibu na uzishike. Msaidie mtu kufungua barua pepe yake mwenyewe kabla ya kugusa fomu yoyote. Nywila aiandike yeye, nawe ugeuze uso. Kaa pembeni yake, usikae mahali pake, hata kama foleni ni ndefu na wewe ungemaliza kwa dakika chache, kwa kuwa atahitaji kuingia tena siku usiyokuwepo. Akimaliza, hakikisha ametoka kwenye akaunti na nyaraka alizopakua zimefutwa kwenye kompyuta ya wote. Msomee maelezo kwa Kiswahili kinachoeleweka, lakini usimchagulie kozi wala usimjazie taarifa za kipato cha familia kwa kukisia.

Pamoja na hayo, tengeneza kabrasha la habari za wilaya yako, ambazo hakuna mchapishaji atakayekuletea. La kwetu linaeleza, kwa mfano, kwamba halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na jinsi kikundi kinavyosajiliwa kabla ya kuomba. Kila karatasi iandikwe tarehe. Iliyopitwa na wakati iondolewe siku hiyo hiyo, maana mtu atapoteza nauli kwa kuiamini.

Wapo watakaoshindwa kufika hata ukifungua hadi usiku. Kule Garissa, Huduma ya Taifa ya Maktaba ya Kenya ilianza mwaka 1996 kuwapelekea wafugaji wanaohamahama vitabu kwa ngamia, pamoja na hema la kusomea. Sisi hatuna ngamia, tunatumia bajaji na masanduku ya mbao, tukizungukia shule za msingi na kliniki ya mama na mtoto, ambako akina mama husubiri muda mrefu. Ukiahidi Jumatano, fika Jumatano. Ukikosa mara mbili, watoto hawatakungoja tena.

Mwisho ni suala la takwimu. Fomu nyingi huhesabu walioingia na vitabu vilivyoazimwa tu, hivyo yule mzazi mwenye bahasha ya vyeti haonekani popote mbele ya wanaogawa fedha. Ongeza katika daftari lako safu ya maswali yaliyoulizwa, na pembeni yake safu ya yale uliyoshindwa kuyajibu. Ya kwanza uiambatanishe na kila taarifa ya robo mwaka, na fedha za vitabu zikija, hata zikiwa kidogo, orodha ya manunuzi ianze na ile ya pili.