Wazee wa ukoo niliowakuta kwenye daftari la maskini

Mwanangu alirudi shule na karatasi yenye picha ya mti, matawi matupu, ajaze majina ya babu, bibi na waliowazaa. Upande wangu tuliumaliza kabla chai haijapoa. Nilimpigia mama Muheza, akaanza kutaja kama anayevuta tasbihi: fulani bin fulani, huyu kaoa kwa kina nani, yule kahamia Pangani kwa ugomvi wa minazi. Upande wa baba yake, watu ambao hawajawahi kutoka hapa Glasgow, tulikwama kwa babu wa mama mkwe. "Walikuwa Waskoti tu," mama mkwe akasema. "Mafundi seremala, watu wa kanisa."

Hiyo "tu" ndiyo iliyonitia kazini. Huu ni mwaka wa nne. Wengi mmeolewa au mmeoa huku na watoto wameanza kuuliza, kwa hiyo naandika nilichojifunza, pamoja na pesa nilizozitupa.

Anza na walio hai, halafu vyeti, ukirudi nyuma kizazi kimoja kimoja. Uskoti ina bahati yake. Usajili wa serikali ulianza 1855, na cheti cha kifo cha hapa hutaja baba na mama wa marehemu, mama kwa jina lake la kabla ya kuolewa. England walitangulia, Julai 1837, lakini cheti cha kifo cha mtu mzima kule hakikuambii alizaliwa na nani. Kwenye mtandao wa ScotlandsPeople kutafuta jina ni bure. Unalipia kuufungua ukurasa wenyewe. FamilySearch, mtandao mwingine, hawatozi kitu, ila humo kuna miti ya ukoo iliyojengwa na watu wasiojuana kabisa na ukweli. Itumie kama tetesi za kibarazani: isikilize, kisha kaulize mwenyewe.

Sensa ndiyo tamu kwa mwanzo. Imepigwa kila miaka kumi tangu 1801, ila majina ya kila mtu yanaanza kuhifadhiwa 1841, na mwaka huo umri wa wakubwa ulishushwa hadi namba inayogawanyika kwa tano, kwa hiyo mtu wa miaka 29 ameandikwa 25. Kurasa hufungwa miaka mia moja, hivyo ya mwisho kufunguliwa ni ya 1921. Ya 1931 ya England na Wales iliungua ghalani 1942, na 1941 haikupigwa kwa sababu ya vita.

Usiuamini umri. Bibi wa ukoo huo niliyekuwa namfuata alikuwa na miaka 26 mwaka 1871, 33 mwaka 1881, na 48 mwaka 1891. Sikumlaumu. Bibi yangu mimi mwenyewe alizaliwa "mwaka wa nzige".

Kuna swali moja la sensa za Uskoti ninalolipenda kuliko yote: kuanzia 1861 karani aliandika nyumba ina vyumba vingapi vyenye dirisha. Kwa huyu bibi iliandikwa 1. Ndani ya chumba hicho walikuwa saba, pamoja na mpangaji. Nilisoma nikaangalia sebule yetu, nikajaribu kupanga mikeka.

Sasa kosa langu. Kwa kuwa nilishaambiwa "seremala", nilimtafuta seremala. Nikampata, kijiji kimoja cha Ayrshire, jina lile lile ambalo huku ni kama kuitwa Juma Ally. Miezi mitatu nikanunua kurasa, nikapanda naye kwenye rejista za ubatizo mpaka miaka ya 1760, nikachora mti mrefu wa kupendeza, nikamtumia mama mkwe. Akauweka kwenye fremu. Kisha usiku mmoja, basi tu, nikafungua cheti cha kifo cha yule seremala. Alikufa 1862, hajaoa. Wa kwetu alipata mtoto 1875.

Kwa hiyo kabla hujampanda mtu kwenda kwa wazazi wake, mshushe kwanza. Hakikisha aliishi hadi siku unayomhitaji. Watoto wengi walikufa kabla ya miaka mitano, na mara nyingi aliyefuata akapewa jina la marehemu, kwa hiyo unaweza kuwa na wawili wa jina moja, baba mmoja, mama mmoja.

Fremu ilishushwa kimya kimya. Hatukuizungumzia.

Ndipo mhudumu mmoja wa maktaba aliponiuliza, kwa upole wa mtu aliyeuliza swali hilo mara nyingi, kama nimeangalia maombi ya msaada wa maskini. Nikajibu kwamba hawakuwa maskini, walikuwa mafundi. Akatabasamu.

Maelezo kidogo hapa. Zamani maskini wa Uskoti walikuwa mzigo wa kanisa, na baraza la wazee wa kanisa ndilo lililogawa senti. Daftari za mabaraza hayo zipo mtandaoni, na ukiwa na mtoto wa nje ya ndoa kwenye ukoo ndiko utakakomkuta baba yake, kwa sababu msichana aliitwa mbele ya wazee na kuhojiwa mpaka ataje. Sheria ya 1845 ikaiondoa kazi hiyo kwa kanisa ikawapa bodi za parokia (parokia hapa ni eneo la utawala, si kanisa). Kila bodi ikawa na mkaguzi wa maskini, na mkaguzi hakutoa shilingi bila kuhoji. Mtu mwenye nguvu zake hakuwa na haki ya msaada hata akikosa kazi. Wageni waliulizwa zaidi: ukitaka kuhesabiwa mwenyeji wa parokia ilibidi uwe umekaa humo miaka mitano mfululizo bila kuomba msaada. Kama wewe ni wa parokia nyingine, bili ilipelekwa huko. Kama wewe ni wa Ayalandi na miaka haijatimia, wangeweza kukupakia melini kukurudisha.

Ndiyo maana faili zile ni nene. Hakuna aliyejali historia ya mtu, walikuwa wanatafuta wa kumsukumia gharama. Matokeo yake fukara wa Glasgow ameandikwa kuliko mwenye duka: amezaliwa wapi, dini gani, ameolewa lini, kafungishwa ndoa na padri au mchungaji gani, watoto na umri wao, wazazi wake ni nani na kama wako hai, amelala nyumba zipi miaka yote hiyo. Maombi ya Glasgow yanaanzia 1851 na yanatunzwa Mitchell Library. Nenda mwenyewe, waombe wakutafutie jina kwenye faharasa, na uwape majina yote mawili ya mwanamke, kwani karatasi za hapa mara nyingi humwita kwa jina la kwao hata akiwa na wajukuu.

Nilimpata bibi yule kwenye kitabu cha majira ya baridi ya 1878 kuingia 1879. Oktoba ile benki kubwa ya mji, City of Glasgow Bank, ilikuwa imeanguka na kazi zikasimama. Mume "kaenda Marekani, hajaandika". Alikuwa kibarua bandarini. Seremala hakuwepo. Na pale kwenye mahali pa kuzaliwa, ambapo sensa zote tatu ziliandika neno moja, Ayalandi, mkaguzi aliandika kaunti na parokia: Donegal, na kijiji.

Anayefuatilia watu wa Ayalandi atajua kwa nini nilishika meza. Sensa za kule za karne ya 19 karibu zote zimepotea, nyingine zilisagwa kwa amri ya serikali, nyingine ziliteketea Dublin mwaka 1922 katika vita. Zilizo kamili za zamani zaidi ni za 1901 na 1911. Bila jina la parokia huna pa kuanzia. Ukishalipata, Maktaba ya Taifa ya Ayalandi imeweka rejista za parokia za Kikatoliki mtandaoni bure.

Nyingi ziko kwa Kilatini, na hapo Kiswahili kilinisaidia. Mume wangu alikaa akimtafuta James, hamwoni. Mimi nikasoma Jacobus nikamwambia, "Si huyu hapa, Yakobo!" Rejista ya parokia ile inaanza baada ya bibi yetu kuzaliwa, kwa hiyo yeye mwenyewe hayumo. Lakini mdogo wake yumo, wazazi ni wale wale wa kwenye faili. Na majina yanakubaliana: kifungua mimba wa kiume hupewa la babu mzaa baba, wa kike la bibi mzaa mama. Kwetu si jambo la kuelezwa.

Kilichobaki kilikuwa kumwambia mama mkwe kwamba Waskoti wa kanisa ni Wakatoliki wa Donegal, na kwamba waliomba msaada. Nilikwenda na nakala niliyoiandika kwa mkono. Akavaa miwani. Mkaguzi alifika nyumbani siku ya pili, akaandika: chumba kimoja, kisafi, godoro la majani, hakuna moto. Mama mkwe akaweka kidole kwenye mstari huo akanyamaza kwa muda.

"Waliwasha?" akauliza.

Nikafungua ukurasa wa pili. Mwandiko mwingine, wino mweusi zaidi: shilingi tatu kwa wiki, jozi mbili za viatu vya watoto, na makaa.