Handaki la Kirumba

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Je, askari waliopigana Vita vya Kagera waandike kumbukumbu zao kabla hawajatutoka?" Nilitaka kujibu kwa neno moja, ndiyo, kisha niendelee na shughuli zangu. Neno lenyewe limenikwama. Baba yangu aliandika, na daftari lake ninalo mimi.

Hadithi ya vita ile tuliyopigana na Idi Amin wa Uganda sina haja ya kuirudia. Wa rika langu wote tunaikumbuka ile sauti ya Mwalimu Nyerere redioni, uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Baba alikuwa mgambo. Akaenda mwishoni mwa 1978, akarudi mwaka uliofuata, tukampokea kwa matawi na vigelegele. Sisi wa Mwanza nasi vita ilitugusa kidogo: Machi 1979 ndege ya Libya, waliokuwa upande wa Amin, ilikuja kutupiga, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, wakafa swala. Watu wanacheka mpaka leo habari ya wale swala. Wakati ule hakuna aliyecheka, na hakuna aliyehitaji kuhimizwa kuchimba handaki.

La kwetu alichimba mama na sisi watoto, nyuma ya nyumba, Kirumba. Anayejua mawe ya Kirumba atanielewa. Sururu ilivunjika mpini mara mbili.

Vita ilipokwisha majirani wote walifukia. Baba aliporudi, la kwetu akalipanua. Kila Jumamosi alikuwa akishuka kulifagia kwa ufagio wa chelewa kama mtu anayefagia sebule, na kwenye kona aliweka dumu la maji. Ukija usiku wa radi zile za ziwani, alikuwa hapigi kelele. Anakugonga wayo mara mbili, unaamka, unamfuata. Tunakaa humo maji yakitufika vifundoni, mama na mtoto mgongoni, mpaka aseme tutoke. Shuleni niliwaambia wenzangu ni shimo la taka.

Mwaka 1983 baba alikwenda msibani kijijini. Basi lilipoondoka tu, mama akasema, "Leo tunafukia." Tulitia majivu, makopo, mawe yaleyale tuliyoyatoa, godoro la pamba lililooza, na madigadi ya baiskeli. Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, alikuja na jembe lake bila kuitwa, akafanya kazi hadi magharibi, akaondoka bila kuuliza neno. Kesho yake mama akapanda mgomba juu yake.

Baba alirudi siku ya tano. Akatua mkoba, akazunguka nyuma. Mama alikuwa jikoni anasonga ugali uliokwisha kuiva, anasonga tu. Sisi watoto tumebanana mlangoni. Baada ya muda baba akaingia, akauliza, "Mgomba wa nani ule?"

"Wetu, baba watoto."

Akanawa, akala. Usiku mvua ilinyesha, nikasikia komeo la mlango wa nyuma. Alisimama kizingitini. Mama naye akaamka, akajitanda khanga, akasimama pembeni yake. Sikusikia wakisema kitu.

Mniwie radhi, mmeuliza habari za vitabu nami nawasimulia shimo. Lakini ndilo halimo kwenye daftari. Ni kaunta buku la kwaya nne, kwa peni ya bluu. Mutukula ya mpakani imo, Masaka ya Uganda imo. Lukaya, mbele ya Masaka kwenye njia ya Kampala, ina kurasa kumi na moja: ile barabara iliyopita katikati ya kinamasi, mafunjo huku na huku, makombora ya Walibya, na brigedi ya 201 iliyojaa mgambo kama yeye. Hapo ameandika "tulikimbia". Amelikata kwa mstari mmoja, juu yake akaandika "tulirudi nyuma". Neno la chini linasomeka vizuri tu.

Mama yumo mara moja: "Niliaga familia."

Baada ya mazishi ya baba nilimsomea mama daftari zima, jioni baada ya jioni. Kila nilipotaja tarehe, naye alitaja yake. Lukaya? "Hapo wewe ulikuwa na surua." Kampala imeanguka, tarehe 11 Aprili? "Nilikuwa foleni ya sukari, nikasikia watu wanapiga makopo." Nilipofika mwisho akauliza, "Basi? Hakuna zaidi?"

Nilipoanza barua hii nilikuwa upande wa ndiyo. Katikati nikataka kusema hapana, wazee waachwe wapumzike, na kama ni kuandika, tuanze na wake zao. Sasa naona bora waandike, hata wakikata maneno, alimradi wakate kwa mstari mmoja kama baba. Mtu asinielewe kwamba kila daftari lazima liende kwa mpiga chapa. La kwetu, kwa mfano, silitoi. Nilimwuliza mama kama lichapwe, na lile neno tuliache lipi. Akasema nisiliguse mpaka yeye azikwe. Ana miaka 81, na daladala ya kwenda sokoni bado anaipanda mwenyewe.

Msomaji, Mwanza