Nyumba ya zawadi, friji ya zawadi

SWALI: Parokia yetu imeachiwa nyumba ya vyumba vitano iwe zahanati ya hisani. Paa lake la bati lina mita za mraba 120, sakafu imeinuka sentimita 45 kutoka ardhini, na ipo simtanki moja ya lita 10,000. Bomba halijafika. Tunatarajia wagonjwa 40 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, na akina mama kumi wa kujifungua kila mwezi. Kamati inataka kuanza na rangi na vigae. Mnashauri nini?
Katibu wa kamati, Singida

JIBU: Vigae visubiri. Kabla hata ya kugusa ukuta, mwoneni mganga mkuu wa wilaya aikague ramani, kisha pigeni hesabu ya maji.

Makadirio ya Shirika la Afya Duniani ni lita 5 kwa mgonjwa wa nje na lita 100 kwa uzazi mmoja. Kwa idadi yenu ni lita 6,200 kwa mwezi. Simtanki iliyojaa pomoni itawavusha mwezi mmoja na nusu, na kiangazi cha Singida kinaweza kufika miezi saba. Hiyo miezi saba inataka lita 43,400, yaani simtanki nne zaidi kama hiyo mliyo nayo.

Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya milimita 600 kwa mwaka, ukitoa asilimia 20 inayopotea, inawapa lita 57,600, na mahitaji ya mwaka ni lita 74,400. Pengo hilo huzibwa na banda la kusubiria la mita 5 kwa 7, lenye bati na gata zake. Mwaka wa mvua haba, boza la maji halikwepeki.

Banda hilo lisizungushiwe ukuta. Hewa inayopita ni kinga kubwa ya kifua kikuu, na wanaokohoa wakae upande ule upepo unakoelekea. Tumeona mabanda mazuri yakizibwa kwa turubai kwa sababu ya baridi ya asubuhi, faida yote ikaishia hapo.

Maji ya kwanza ya mvua yana kinyesi cha ndege na vumbi. Yazuieni kwenye bomba la wima la inchi 4, yasifike kwenye simtanki. Kila mita 3 hubeba lita 24 hivi, kwa hiyo wekeni zaidi ya moja. Chini funga kizibo chenye tundu dogo ili bomba lijimwage taratibu. Tundu likiziba, maji machafu ya mvua iliyopita hubaki bombani na yanayofuata huingia moja kwa moja kwenye simtanki. Kizibo kifunguliwe na kusafishwa kila baada ya mvua kubwa.

Njia ya kiti cha magurudumu: kila sentimita 1 ya kupanda inataka 12 za urefu. Kwenu ni mita 5.4. Fundi akiwaambia mita 2 zinatosha, mkalisheni kwenye kiti ajisukume mwenyewe. Chumba cha kujifungulia kiwe kile kinachofikika bila kona, na mlango upanuliwe hadi sentimita 120 ili machela ipite.

Nyumba ya kuishi haina shimo la kutupia kondo la nyuma. Chimbeni mbali na kisima, kitako chake kiwe angalau mita 2 juu ya maji ya ardhini, juu zege, mfuniko wa kufuli na bomba la hewa. Msimwagie klorini humo: inaua vijidudu vinavyoozesha.

SWALI: Tumepewa friji ya nyumbani. Asubuhi tumekuta chupa za penta, chanjo ya watoto ya magonjwa matano, zimeganda. Zikiyeyuka zitafaa?
Muuguzi, Kilifi

JIBU: Hazifai, zitengeni na mtoe taarifa. Chanjo za penta, pepopunda na homa ya ini B huharibiwa na kuganda, na ile alama ya mraba kwenye chupa haitawaambia, kwani huonyesha joto tu. Friji za nyumbani hugandisha karibu na ukuta wa nyuma, hata kipimajoto cha mlangoni kikisoma nyuzi 5. Kiwango ni nyuzi 2 hadi 8, kisomwe mara mbili kwa siku.

Mpaka mpate friji ya chanjo, leteni dozi siku ya kliniki tu, kwa kasha la baridi. Pakiti za barafu zisiingizwe zikiwa jiwe. Ziacheni nje hadi ukitikisa usikie maji yakicheza ndani.