Jiwe Katikati ya Kiwanja: Tulipasue au Tulizungushie Bustani?

Swali: Ndugu msanifu, nina kiwanja cha mita 30 kwa 40 Kirumba, Mwanza, kwenye mteremko unaoelekea ziwani upande wa magharibi. Nataka kujenga maduka chini na nyumba za kupangisha ghorofa tatu juu yake, pamoja na bustani moja ya wapangaji wote. Karibu na katikati kuna jiwe kubwa. Fundi anashauri tulipasue, bustani ikae nyuma ukutani. Unashauri nini?

Jibu: Ndugu msomaji, ningekuwa mimi ningeliacha jiwe lilipo, bustani nikaiweka hapo hapo, na majengo mawili yakatazamana kaskazini na kusini mwake. Bustani ya nyuma ukutani kwa kawaida huishia kuwa maegesho ya pikipiki na mahali pa pipa la taka, kwa kuwa hakuna dirisha linaloitazama wala mtu anayepita.

Kwanza mwite mtaalamu wa udongo apime kama jiwe hilo ni sehemu ya mwamba wa chini au limekaa tu juu ya udongo, kwani Mwanza yapo ya aina zote mbili, na lililokaa juu ya udongo mteremkoni halichimbwi pembeni kiholela. Msingi wa jengo moja usikae nusu kwenye mwamba na nusu kwenye kifusi: upande wa kifusi utazama kidogo kidogo, wa mwamba utabaki palepale, na ukuta utapasuka kati yake.

Ikiwa ule upande wa mita 40 unakwenda mashariki hadi magharibi, una bahati, kwa sababu hapa karibu na ikweta jua linalosumbua ni lile la chini la asubuhi na jioni, na madirisha yako yatatazama kaskazini na kusini. Kila jengo lipewe upana wa mita sita na nusu hivi, chumba kimoja na baraza, ili upepo upenye. Ukitoa na nafasi ya kuacha mipakani, katikati zitabaki kama mita 12 za bustani. Mwisho wa magharibi usizibwe, maana mchana upepo hutoka ziwani.

Maji ndiyo yatakayokupa kazi. Jiwe halinywi mvua. Yote huteremka kwa mkupuo, hivyo lizungushie mfereji wa wazi unaoishia kwenye tangi la chini ya ardhi upande wa ziwani. Paa za mita za mraba 400 zikipigwa na mvua ya milimita 40 hutoa takriban lita 16,000, nazo zitamwagilia bustani na kusafisha vyoo. Shimo la majitaka usiliweke bustanini, kwa kuwa juu ya mwamba maji hayazami. Ulizia mamlaka ya maji kuhusu bomba la majitaka.

Magharibi mwa jiwe panda mwarobaini, kwani jiwe hunyonya joto la alasiri na kulitoa usiku mbele ya vyumba vya kulala. Mkuyu usiusogeze karibu na msingi. Maduka yatazame barabarani, isipokuwa mgahawa, ukiwepo, utazame bustani. Taa za bustani ziwe hafifu, za manjano na za kuelekea chini, la sivyo wadudu wa ziwani watawakimbiza wapangaji kutoka barazani.

Mwisho, ramani ya kuombea kibali Manispaa ya Ilemela ionyeshe jiwe hilo pamoja na vimo vyake, maana fundi asipoliona kwenye karatasi atakuwa ameshaliwashia moto wa kulipasua kabla hujafika.