Fundi anataka milioni mbili za ovahoo ya IST. Bei hiyo ni ya haki?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Mimi ni mwalimu, naishi Kibaha, nina Toyota IST ya cc 1490. Wiki mbili zilizopita nikitoka Chalinze gari ilichemsha karibu na Mlandizi. Nikasubiri ikapoa, nikaongeza maji ya bomba, nikafika nyumbani. Tangu siku hiyo maji ya rejeta yanapungua ingawa sioni yanapovujia. Asubuhi inatoa moshi mweupe na inamisi kwa dakika chache. Oili haijabadilika rangi. Fundi wangu aliisikiliza, akasema injini imekufa, ifanyiwe ovahoo, yaani ifumuliwe yote na kufungwa upya. Aliniandikia hivi: ringi za pistoni 120,000, beringi 140,000, seti ya gasketi 150,000, pistoni nne 280,000, valvu 16, 320,000, kuskimu hedi (kusawazisha uso wake) 60,000, belti ya taimingi 85,000, oili na filta 90,000, vifaa vidogo vidogo 150,000, ufundi 650,000. Jumla 2,045,000. Anataka nusu kesho, au anitafutie injini ya mtumba. Shemeji yangu anasema naibiwa. Wewe unasemaje?

JIBU: Mwalimu, nimejumlisha, hesabu yake ni sahihi. Kinachonisumbua ni kwamba kwenye karatasi yote hakuna hata namba moja iliyotokana na kipimo. Umeandikiwa dozi nzima na mtu ambaye hajachukua hata damu. Kwa hiyo siwezi kukuambia kama milioni mbili ni nyingi au kidogo, kwa sababu hata yeye mwenyewe bado hajui anatibu nini.

Tuanze na dalili ulizoeleza. Moshi mweupe unaoendelea, maji yanayopungua bila kuonekana chini ya gari, na kumisi asubuhi ambako kunakwisha injini ikipata moto: vitu hivyo vitatu vikija pamoja baada ya gari kuchemsha, mshukiwa wa kwanza ni gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi, yaani kichwa cha injini, na bloku ya silinda. Usiku maji yanapenya taratibu kwenye silinda, asubuhi plagi imelowa, inakosa kuwaka. Ringi zikichoka moshi unakuwa wa bluu na unaongeza oili kila mara. Hukusema hivyo. Beringi zikiisha injini inanoki, yaani inagonga ndani, na mara nyingi taa ya oili inaanza kuwaka gari ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta. Hukusema hivyo pia. Basi ringi, beringi na pistoni, ambazo jumla yake ni 540,000, zimewekwa kwa ugonjwa ambao gari lako halijauonyesha.

Valvu 16 nazo nina shaka nazo. Gari kuchemsha peke yake hakupindi valvu zote. Kwa kawaida hedi ikishushwa, valvu zinasagwa zikae vizuri, sili zake zinabadilishwa, basi. Anayebadilisha zote 16 anapaswa kukuonyesha zilivyoharibika.

Halafu kuna belti ya taimingi. Injini ya IST yako ni 1NZ-FE, na hiyo inatumia cheni. Hata ndugu yake ya cc 1300, 2NZ-FE, ni cheni. Belti iliyopo ni ya nje, inayozungusha alteneta na pampu ya maji. Pengine alimaanisha hiyo, pengine alinakili makadirio ya gari lingine. Usimrukie kwa maneno. Mwambie tu kwa upole, "Fundi, nionyeshe belti hii inafungwa wapi," halafu unyamaze.

Sasa kipimo chenyewe. Mwambie, au mwambie fundi mwingine, apime kompresheni, yaani presha ya hewa inayobanwa na pistoni, ya silinda zote nne na akuandikie namba. Kwenye injini hii plagi ziko juu, hazina usumbufu, kazi haifiki saa moja. Kila silinda ya injini isiyo na ubovu hutoa karibu psi 213 (psi ni kipimo cha presha). Kiwango cha chini kinachokubalika ni 156, na silinda moja isipishane na nyingine kwa zaidi ya 14. Silinda mbili zilizo jirani zikiwa chini pamoja, gasketi imeungua katikati yake. Silinda ikiwa chini peke yake, anatia kijiko cha oili kupitia tundu la plagi na kupima tena. Namba ikipanda, ni ringi, na hapo nitakuwa nimekosea na yeye amepatia. Isipopanda, ni valvu au gasketi.

Akishatoa plagi, ziangalie mwenyewe. Plagi ya silinda inayoingiza maji huwa safi kuliko wenzake, kama imesuuzwa. Kisha injini ikiwa baridi kabisa, afungue kifuniko cha rejeta, awashe kwa muda mfupi. Mapovu yakipanda bila kukoma, gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Usikubali mtu afungue kifuniko hicho gari likiwa la moto. Nimeshaona mikono na nyuso zilizoungua kwa haraka za namna hiyo.

Tuseme ni gasketi. Makadirio yake yatakuwa makubwa pasipohitajika na yatakosa kinachohitajika, na hili linaniudhi kuliko bei. Kwenye mistari kumi hakuna hata mmoja unaogusa sababu iliyofanya gari lichemshe. Thamostati, ile inayofungulia maji kwenda kwenye rejeta, haipo. Rejeta haipo, wala kifuniko chake, wala feni, wala pampu ya maji. Angefunga injini mpya kabisa, ungeichemsha tena pale pale Mlandizi. Mimi mwenyewe miaka ya nyuma niliwahi kufunga hedi ya Vitz vizuri sana, nikaacha thamostati ya zamani iliyokuwa imeganda. Mteja alirudi baada ya siku tisa, gari likiwa limevutwa. Gasketi ya pili niliilipa mwenyewe.

Kingine kisichoandikwa ni bolti za hedi. Zinakazwa hadi zinavutika: kwanza kwa nguvu ya Nm 29, kisha robo mzunguko, kisha robo nyingine. Zilizovutika kupita kiasi hazibani tena, kwa hiyo zipimwe urefu au ziwekwe mpya. Muulize kama ana spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Akikujibu kwamba anajua kwa mkono, tafuta gereji nyingine. Kabla ya kuskimu, hedi ipimwe kwa rula ya chuma na fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi. Kupinda kunakoruhusiwa ni milimita 0.05 tu, ambayo ni nyembamba kuliko karatasi ya daftari la wanafunzi wako. Pia ipimwe ufa kwa presha. Ukilipa 60,000 ya kuskimu hedi yenye ufa, hela hiyo imepotea.

Kuhusu ufundi wa 650,000: kwa ovahoo kamili, ya fundi anayepima, anayekaa nayo siku nne au tano na kukupa garantii ya maandishi, nisingebishana. Kwa kazi ya gasketi ya hedi ni kubwa mno. Hata nusu yake inamtosha fundi mzuri. Tuseme laki tatu. Ukiongeza seti ya gasketi, kuskimu, oili na filta kwa bei zake mwenyewe, unapata 600,000. Weka juu yake bolti, thamostati na kulanti, yaani maji maalumu ya rejeta, maana maji ya bomba yanaleta kutu na ukoko. Nitashangaa ikivuka milioni, isipokuwa rejeta nayo ikionekana ya kubadilisha.

"Vifaa vidogo vidogo" avitaje kwa majina. Mara nyingi ndani ya maneno hayo ndimo kinamokaa cha juu. Simlaumu sana fundi anayepata kidogo kwa kuzunguka Kariakoo siku nzima, ila aandike kama usumbufu wake, tujue. Usimpe nusu ya hela. Nunueni spea pamoja kwa risiti ya EFD, ufundi umlipe kazi ikiisha, na spea za zamani zote akurudishie.

Injini ya mtumba iache kwanza. Nayo inahitaji kupimwa kompresheni kabla hujalipa, na namba yake haitafanana na ile iliyo kwenye kadi ya gari, kwa hiyo kuna safari ya TRA ambayo hajakutajia.

Shemeji yako namwelewa, lakini mimi sioni wizi hapa. Namwona fundi anayekisia, na anakisia kwa hela yako. Mpe nafasi ya kupima. Akikataa kupima, umeshapata jibu lako.

Wakati huo usiiwashe, hata kuisogeza uani. Maji hayabanwi kama hewa. Silinda ikijaa usiku, pistoni ikapanda asubuhi, konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, inapinda, na hapo ovahoo itakuwa ya kweli. Waite vijana waisukume.