Mlango wa Pikapu Unapogonga Jeki ya Tela

SWALI: Nina pikapu ya milango minne na navuta tela la boti ya faiba kati ya Tanga mjini na Pangani. Nikitaka kushusha madumu ya mafuta tela likiwa bado limefungwa, mlango wa nyuma wa bodi unagonga kichwa cha jeki ya tela (mguu wa kuinulia mbele ya tela). Umeshabonyea na rangi imepasuka. Fundi mmoja anashauri tuchomelee kipande cha bomba ili gololi, lile tufe la chuma linaloshika tela, isogee nyuma. Nikubali?
Msomaji, Raskazone, Tanga

JIBU: Bomba la kuchomelea likatae. Tuseme shingo ya tela, yaani chuma chake cha mbele, inalalia gololi kwa kilo 70. Gololi iliyokuwa sentimita 20 kutoka pale chuma chake kinapoingia chini ya bampa ukiisogeza hadi 40, nguvu ya kupinda chuma hicho inakuwa maradufu, na hapo gari halijaingia shimoni. Isitoshe, mkia mrefu utakwaruza kila ukishuka ufukweni.

Shida ni jeki, basi shughulika na jeki. Pima kwanza. Tela likiwa halijafungwa, fungua mlango hadi ulale, kisha pima kutoka kwenye bawaba hadi ukingo wake; pikapu nyingi hutoa kama nusu mita. Funga mlango, funga tela, halafu pima kutoka kwenye bawaba kurudi nyuma hadi kwenye jeki. Kipimo hiki cha pili kikiwa kifupi na jeki ni ndefu kuliko ulipo mlango uliolala, lazima vikutane.

Ila usipime kwenye lami peke yake. Gari likiwa kwenye mteremko wa mchanga, pua imetazama juu, na tela liko chini pasipoinama sana, shingo inainuka kuuelekea mlango. Ukikata kona kali nayo jeki inazunguka gololi na kuja karibu na bampa. Ndiyo maana wapo wanaoapa kwamba nyumbani mlango haukugusa kitu! Acha nafasi ya sentimita 10 hivi.

Dawa tunayoipendelea ni jeki ya kuzunguka: unachomoa pini, unailaza sambamba na shingo, unarudisha pini. Ifunge kwa bamba mbili na bolti zinazoikumbatia shingo, bila kutoboa chuma cha tela, kwa sababu tundu jipya hudhoofisha shingo na kuwa mlango wa kutu. Tumia bolti zilizopakwa zinki na nati za kujifunga, uzikaze tena baada ya safari ya kwanza. Kama jeki yako ya sasa bado nzima, huenda kuirudisha nyuma sentimita 15 kukatosha. Hakikisha tu haigusi nguzo ya winchi, ile ya kuvutia boti juu ya tela. Kipande cha tairi juu ya jeki hupunguza kishindo, hakizuii kugongana. Sponji ya kubandika mlangoni usiithubutu, inashika maji ya chumvi.

Wenye pikapu ambazo mlango wake huning'inia hadi chini wana tatizo jingine: unapiga gololi yenyewe, hata bila tela. (GMC Sierra zenye mlango wa MultiPro unaokunjika nazo zina kasoro ya jamii hiyo.) Hapo chomoa chuma cha gololi usipovuta kitu. Kwa hewa ya bahari ya Tanga kitakwama, kwa hiyo kisuuze kwa maji yasiyo na chumvi baada ya kutoka baharini na ukipake grisi nyembamba. Kikishang'ang'ania, mwagia mafuta ya kulegeza kutu, kiache usiku kucha, kisha kigonge ubavuni kulia na kushoto. Kukivuta kwa gari jingine ni kutafuta ajali.

Mahali palipopasuka rangi usipaache. Sugua kwa msasa namba 120 hadi chuma king'ae, paka praima siku hiyo hiyo, ndipo rangi. Halafu funga mlango na utazame nafasi ya kulia na kushoto: zikitofautiana, huenda bawaba imepinda, na kufuli linaweza kuachia njiani hata kama limelia "ka!" vizuri.