Maji yanayovuja kwenye tuta la zamani: msiyazibe pale yanapotokea

Swali: Shikamoo mhandisi. Mimi ni katibu wa chama cha wamwagiliaji huku Magu. Majaruba yetu yanapata maji kutoka kwenye lambo la tuta la udongo, la tangu enzi za mkoloni. Bomba la chuma linapita chini ya tuta na kumwaga kwenye mfereji mkuu. Tangu masika yaliyopita maji yanachuruzika upande wa nje, hatua chache kutoka bomba linapotokea. Fundi mmoja ametushauri tufunge waya na kupiga plasta ya saruji hapo. Mwingine anasema tupande mikaratusi iyanywe. Wazee wetu wanasema tuta limekaa zaidi ya miaka 60, udongo umeshashikana, haliwezi kuvunjika. Tufanye nini kabla ya vuli?

Jibu: Marahaba, katibu. Plasta hiyo msiipige. Kama saruji imeshanunuliwa, itafutieni kazi nyingine.

Swali lenu hunifikia kila mwaka mvua zinapokaribia, leo kutoka Misungwi, kesho Kwimba au Sengerema, na karibu kila mara nyuma yake yupo fundi wa plasta. Ananichosha fundi huyu, kwa sababu kazi yake inapendeza macho na watu wanamlipa kwa furaha.

Kila tuta la udongo hupitisha maji kidogo. Maji kupita si ugonjwa. Ugonjwa ni maji yanayotoka na udongo. Mmomonyoko wa ndani huanzia kule maji yanakotokea, upande wa nje, halafu hurudi nyuma punje kwa punje kuelekea kwenye lambo, ukiacha tundu kama bomba. Siku tundu hilo likifika kwenye maji ya lambo, mnahesabu saa tu. Sasa mtu akiziba mdomo kwa saruji, maji hayarudi yalikotoka. Yanajaa ndani ya tuta, udongo wa chini unalainika kama uji, na mteremko wa nje unaweza kuporomoka mzima. Au yanatafuta njia nyingine pembeni ya plasta, mahali ambapo hakuna anayeangalia.

Niliwahi kuitwa kwenye lambo moja lililopigwa plasta nzuri sana, imesuguliwa mpaka inang'aa. Niligonga kwa fimbo, ikalia kama debe tupu. Tukavunja kipande cha ukubwa wa sinia. Nyuma yake palikuwa na shimo. Niliingiza mkono hadi begani sikugusa mwisho. Kuta zake zilikuwa laini na baridi kama ndani ya mtungi. Plasta ilikuwa imesimama peke yake, imeshikwa na waya, na udongo uliopaswa kuwa nyuma yake ulikuwa umeshasombwa. Wanakijiji walikuwa wameacha kwenda kukagua pale kwa kuwa waliamini pameshatengenezwa.

Mmomonyoko wa ndani ukishakolea, mwendo wake ni wa kasi. Bwawa la Teton kule Idaho, Marekani, lilikuwa tuta la udongo lenye kimo cha zaidi ya mita 90, lilijengwa na wahandisi wa serikali. Tarehe 5 Juni 1976 maji ya tope yalionekana yakitoka asubuhi. Kabla ya saa sita mchana tuta lilikuwa limekwenda. Watu 11 walifariki.

Najua wazee watasema Teton lilikuwa jipya, ndiyo kwanza linajazwa. Kweli. Basi tuangalie la zamani. Mfereji wa Truckee huko Nevada ulianza kazi mwaka 1905. Tarehe 5 Januari 2008, baada ya mvua kubwa, tuta lake lilikatika na maji yakaingia katika nyumba zipatazo 590 za mji wa Fernley. Uchunguzi ulionyesha chanzo ni mashimo ya wanyama wachimbaji waliotoboa tuta. Miaka zaidi ya 100 ya kushikana haikusaidia kitu. Kwenu mna fuko, panya buku, kenge na mchwa, na kila mwaka unaopita huwapa nafasi zaidi. Malambo mengi ya Usukuma yalijengwa kati ya mwisho wa miaka ya 1940 na miaka ya 1950. Bomba la chuma la umri huo limeliwa na kutu, na pembeni mwa bomba ndipo udongo hushindiliwa vibaya tangu mwanzo, kwa kuwa mashine haifiki. Ndiyo maana maji yenu yaliyotokea karibu na bomba yananitia wasiwasi kuliko yangetokea kwingine.

Mikaratusi msipande. Mizizi hufuata unyevu mpaka ndani ya tuta, na mti ukifa mzizi unaoza na kuacha njia iliyo wazi. Kama kuna miti mikubwa imeshaota, msiing'oe wenyewe. Kung'oa kisiki kunafungua tuta. Nyasi fupi zinatosha, na faida yake ni kwamba mtaona kila kinachotokea.

Kazi yenu ya sasa ni kupima. Chongeni kifereji kidogo kiyakusanye maji hayo, muweke ndoo ya lita 20 na kuhesabu inajaa kwa muda gani. Andikeni daftarini pamoja na kina cha maji ya lambo siku hiyo, kila wiki, na kila siku mvua zikianza. Maji yakiongezeka wakati lambo halijapanda, kuna kitu kimebadilika ndani. Kisha chukueni chupa ya plastiki inayoonyesha, jazeni maji hayo, iacheni mezani usiku kucha. Asubuhi tazameni kitako chake. Kikiwa safi, endeleeni kupima. Pakiwa na tabaka la udongo, hata jembamba kama ukucha, au mkiona pale yanapotokea pamejengeka kilima kidogo cha mchanga chenye tundu katikati, hiyo ni dharura.

Hapo mnatandika mchanga safi wa mtoni juu ya chemchemi, juu yake kokoto, juu yake mawe. Maji yapite, udongo ubaki. Punguzeni maji ya lambo, lakini polepole. Kwa tuta la mfinyanzi mimi sivuki sentimita 30 kwa siku, maana likishushwa haraka upande wa ndani ndio unaoporomoka. Na kama bomba limetoboka, maji yasipitishwe kwa bomba hilo, yatolewe kwa pampu. Wakati huohuo mhandisi awe njiani. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inaliweka bwawa lenu chini ya jicho la Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria, hapa Mwanza. Waandikieni leo, msisubiri chupa ichafuke.

Hamkuuliza kuhusu utoro wa maji, yaani njia ya pembeni inayotoa maji ya ziada lambo likijaa, ila nitasema, kwa sababu nimeona viroba vya mchanga kwenye utoro wa malambo mengi kiasi cha kukosa usingizi. Watu wanaziba utoro ili lambo libebe maji mengi zaidi kwa ajili ya mpunga. Tuta la udongo halivumilii maji kupita juu yake. Huko Uingereza, bwawa la Toddbrook, tuta la udongo la karne ya 19 linalolisha mfereji, liliwatoa watu wapatao 1,500 majumbani mwao Agosti 2019 baada ya utoro wake kubomoka. Wachunguzi walitaja usanifu mbaya na matunzo hafifu. Na jirani zetu wa Solai, kaunti ya Nakuru, usiku wa tarehe 9 Mei 2018 bwawa la shamba binafsi lilipasuka likaua watu zaidi ya 40 wakiwa nyumbani mwao. Mamlaka ya maji ya Kenya ilisema bwawa hilo halikuwa na kibali. Mtu akiwaambia anajua kuongeza kimo cha tuta kwa greda na siku mbili, mwulizeni nani amesaini mchoro. Asipokuwa na jibu, aondoke na greda lake.

Kwa hiyo, katibu, kama kuna viroba kwenye utoro wenu, vitolewe kesho asubuhi. Hesabuni kaya zilizo bondeni chini ya tuta, pamoja na wafugaji wanaolala na ng'ombe kando ya mfereji, muwe na namba ya simu ya kila moja, na mkubaliane ni nani atakayepiga filimbi usiku. Chupa ya kwanza ijazeni leo jioni, muibandike tarehe.